Toba ya Mwalimu Breki

Ukimwona mtu wa mtaa wetu anaendesha gari huku midomo inamchezacheza kama anasoma dua, jua amefundishwa na Mwalimu Breki. Hasomi dua. Anajikumbusha kioo cha kati, kioo cha pembeni, taa, klachi, gia, na anaogopa kuacha kimojawapo kwa sababu sauti ya mwalimu wake bado imo kichwani, inamfokea.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye karatasi tu. Alikuwa mtu mfupi, mnene kiasi, mwenye taulo dogo shingoni, na kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha abiria katika gari la shule ya udereva, lile lenye pedali za ziada upande wa mwalimu. Breki yake aliikanyaga kabla hatari haijafikiria kutokea. Mwanafunzi akitazama kuku kando ya njia, gari limesimama. Akivuta pumzi kwa nguvu, gari limesimama. Ulimi wake nao ulikuwa mkali, na kila mwanafunzi alitoka pale na jina jipya. Msichana mmoja mwangalifu, ambaye hakuwahi kuvuka gia ya pili bila kushurutishwa, alimbandika jina la Konokono. Lakini hakuna aliyebisha kwamba alijua kazi. Watu walileta watoto wao kwake, kisha wakaleta wake zao, na mwisho walikuja wenyewe kurekebishwa.

Sasa, siri ya mtu huyu ilikuwa kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kufaulu mtihani wa udereva.

Alipokuwa kijana aliufanya mtihani huo mara mbili. Mara ya kwanza aligonga pipa la kuegeshea. Mara ya pili alilikwepa pipa akamgonga mkaguzi, si kwa nguvu, lakini mkaguzi hakulichukulia kwa wepesi. Wakati huo alikuwa anaposa, na baba wa binti alikuwa amesema wazi kwamba binti yake haolewi na mtu asiye na kazi. Kazi ilikuwapo, ya kuendesha gari la kiwanda cha mikate, ila ilitaka leseni.

Breki alikuwa na pacha wake, fundi cherehani, ambaye aliwahi kufundishwa gari na mjomba wao na alikuwa na mkono mtulivu. Walifanana hivi kwamba mama yao, akiwa na haraka, aliwachapa wote wawili ili asimkose mwenye kosa. Basi pacha akavaa shati la Breki, akaenda kwenye mtihani kwa jina la Breki, akalizunguka lile pipa kama analishonea pindo, akarudi na leseni. Breki akapata kazi, akapata mke. Udereva wenyewe alijifunza baadaye, kwenye gari la mikate, akipita barabara ambazo bado hazijaamka, mpaka gari likawa kama sehemu ya mwili wake, na hatimaye shule ya udereva ikamwajiri.

Pacha hakudai malipo. Alijichukulia tu, kwa ustaarabu. Gari lolote alilokalia Breki, yeye alilihesabu lake kwa nusu. Alitaka kupelekwa sokoni, kurudishwa, kusubiriwa akipima nguo za wateja. Breki akijaribu kukataa mbele za watu, pacha alikuwa na kikohozi chake maalumu, kifupi, kikavu, chenye maana. Kikisikika tu, Breki alitafuta ufunguo.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka wazeeke, lau si Ijumaa moja Breki kukosa mahali pake msikitini. Siku zote alikaa nyuma ya nguzo, karibu na feni, mahali ambapo mtu anaweza kusinzia bila kumvunjia heshima mwenye kuhutubu. Siku hiyo palishakaliwa. Akasogea, akasogezwa, akajikuta safu ya mbele, mbele ya macho ya shekhe, hana pa kusinzia. Hotuba ilihusu udanganyifu. Shekhe alisema kuna watu wameacha uongo zamani, wanaswali, wanafunga, wanatoa sadaka, lakini hawajawahi kurudi nyuma kutazama ule uongo mmoja uliowajengea nyumba wanayokaa. Breki akahisi shekhe anamtazama yeye. Kumbe shekhe alikuwa anaitazama saa ya ukutani, iliyokuwa juu ya kichwa cha Breki. Hilo hakulijua. Alitoka pale amelowa jasho, taulo lake halikufua dafu.

Alasiri akamfuata shekhe kwenye chumba kidogo cha pembeni, akamkuta amekaa sakafuni anatengeneza waya wa kipaza sauti.

"Shekhe," akaanza, "kuna mtu mmoja ninamfahamu."

"Huyo mtu ana mke?" shekhe akauliza bila kuinua macho.

"Anaye."

"Na mkewe anajua?"

"Hajui."

"Basi kaa chini, maana huyo mtu anaonekana amechoka kusimama."

Breki akakaa, akamwaga yote: pipa, mkaguzi, shati, pacha, mikate. Shekhe aliuacha waya. Akamwambia kwamba lile lilikuwa kosa, tena lenye watu wawili ndani yake, na mlango wa toba uko wazi kwa wote wawili. Mshahara wake wa miaka yote ile, akasema, ni ujira wa kazi aliyoifanya kwa mikono yake na aliyoijua. Haugeuki haramu kwa kuwa aliingia kwa mlango wa uongo, madhali kazi yenyewe aliifanya kwa haki. Breki akashusha pumzi. Akauliza kuhusu wanafunzi wake, kama leseni zao nazo zina walakini. Shekhe akasema hapana, kila mmoja alifanya mtihani wake mwenyewe. Swali hilo alilijibu haraka kidogo, maana naye alifundishwa na Breki.

"Na mke wangu je? Nilimpata kwa ajili ya ile leseni."

Shekhe akauma mdomo asicheke. Akamuuliza kama siku ya ndoa kulikuwa na walii na mashahidi. Walikuwapo. Leseni ilitajwa kwenye ndoa? Haikutajwa. Basi, akasema, mke ni mkewe, asitafute upenyo.

Breki akadhani mambo yamekwisha, akaanza kuinuka. Shekhe akamshika mkono.

"Bado. Kutubu ni kujuta, na kuazimia usirudie, na kwanza kabisa ni kuacha. Ile leseni iko wapi sasa hivi?"

Breki akagusa mfuko wa shati.

"Huo ndio uongo wenyewe, na bado unautembeza. Kila ukishika usukani unaurudia. Uweke chini, ukafanye mtihani kama watu wengine. Na aliyekuajiri ana haki ya kujua aliyemwajiri ni nani. Hao wengine huna haja ya kuwatangazia, Mungu amekusitiri, usijivue nguo barabarani. Lakini kuanzia leo usidanganye."

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Kusema siri hakulazimishwi, na uongo umekatazwa. Kati ya mambo hayo mawili kulikuwa na uwazi mwembamba sana, na mtu mnene kama Breki alipaswa kupita humo.

Alianza na mwenye shule, mjane aliyerithi shule ile kwa marehemu mumewe, ambaye kila mtu alimwita Bimkubwa. Ofisi yake ilikuwa na meza moja, kabati la chuma, na vigari vya plastiki vya kufundishia vilivyopangwa dirishani. Bimkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama kwamba tatizo lilikuwa kwenye vioo.

Akamuuliza: kwa hiyo aliyemwajiri ni nani, yeye au ndugu yake? Breki akasema aliyekuja kazini ni yeye. Siku zote? Siku zote. Hata siku ile alipochangamka na kumsifia chai? Hata siku hiyo. Bimkubwa akanyoosha mkono, akachukua ufunguo wa gari. Hakumfukuza. Alisema mwalimu mzuri ni adimu, lakini gari la shule halitaendeshwa wala kufundishwa na mtu asiye na leseni yake. Mpaka afaulu, atakuwa darasani, akimsaidia mwalimu wa alama za barabarani.

Msaada huo haukudumu hata saa nzima. Ilidhihirika kwamba Breki alizijua barabara zote za mji, ila alama hakuzijua kwa majina. Ile yenye pembe nane aliielezea darasa kuwa "ile ya pale kwa muuza mbao, ukiiona punguza mwendo." Kwa kuwa alifanyiwa mtihani na pacha wake, hakuwahi hata kuufungua ule mwongozo wa mtihani. Mwalimu wa darasani akamwomba kwa adabu akae na wanafunzi. Akakaa dawati la nyuma, magoti yakigusa kidevu, akaanza kusoma.

Nyumbani, mkewe aliona mume anakwenda kazini kwa miguu na anarudi kwa miguu. Akamuuliza gari la shule limepatwa na nini. Breki akasema ni zima. Sasa kwa nini haendeshi? Akasema kuna jambo analirekebisha. Mkewe akamtazama akisoma mwongozo wa alama, kaushika karibu na pua kwa sababu maandishi yalikuwa madogo, akaelewa yake. Mume haoni.

Hakumwambia, asije akamvunja moyo. Alianza kumpikia karoti. Karoti zikaingia kwenye mchuzi, kwenye wali, kwenye uji. Kulikuwa na juisi ya karoti asubuhi na karoti mbichi za kutafuna mchana. Breki alikula akijua hastahili kulalamika. Naye mke, kwa uchungu tu wa kutafuta ushauri, akamnong'oneza jirani, na jirani hakuwa mtu wa kukaa na kitu. Wiki haikupita, mtaa mzima ukawa unamhurumia. Watu walimpungia mikono karibu na uso kuona kama anapepesa. Siku moja, akiwa amesimama kando ya barabara kuu akingoja magari yapite, kijana mmoja aliyewahi kufundishwa naye alimshika mkono, akamvusha polepole mpaka ng'ambo, akamwambia kuna ngazi moja hapo mbele, anyanyue mguu. Breki aliunyanyua. Hakutaka kuvuka ng'ambo ile, lakini angeelezaje?

Wakati huo pacha alikuwa amesubiri gari lake la sokoni mpaka subira ikamwishia. Akaja nyumbani kwa Breki kudai. Breki akamtoa uani, akamweleza kwamba ametubu.

"Umetubia sehemu yako tu," pacha akauliza, "au na yangu?"

Breki akasema ya mtu haitubiwi na mwingine, akaiulize kwa shekhe. Pacha hakulipenda jibu hilo. Akaingia sebuleni, akaketi mbele ya shemeji yake aliyekuwa akimenya karoti, akakohoa. Kile kikohozi kikavu, chenye maana.

Breki alikuwa amesimama mlangoni. Mwenyewe alisema baadaye kwamba miguu yake ilianza kutafuta ufunguo wa gari kwa mazoea, kisha ikakumbuka kwamba ufunguo haupo na hofu nayo haina tena kazi. Akaja akakaa karibu na mkewe.

"Mke wangu," akasema, "hicho kikohozi kina habari yake. Acha karoti kwanza nikueleze."

Akaeleza, pacha akiwa pale pale anatazama sakafu. Alipomaliza, swali la kwanza la mkewe lilikuwa kama macho yake Breki ni mazima. Akasema ni mazima kabisa. Akauliza: siku ile baba yake alipoambiwa kijana amepata leseni, aliyepata leseni ni nani hasa? Ni shemeji yako, Breki akajibu. Mkewe akamtazama shemeji, akamtazama mume, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akasema, na sauti haikuwa tena na kicheko.

"Leseni aliitaka baba. Mimi hakuna aliyeniuliza. Ungeniuliza, ningekwambia ukarudie mtihani, nitakusubiri."

Maneno hayo yalimwingia Breki kuliko hotuba yote ya Ijumaa, kwa kuwa yalimwonyesha kwamba uongo ule haukuwa hata wa lazima.

Siku ya mtihani ikafika. Ofisi ya leseni ilikuwa na mabenchi marefu, na watu waliosubiri walimpisha wakidhani amekuja kuleta wanafunzi. Jina lake lilipoitwa, hata yeye alichelewa kulitambua. Mkaguzi alikuwa mwanamke mwenye sare iliyonyooshwa na ubao wa kuandikia mkononi. Alikuwa Konokono. Akamwamkia kwa heshima zote, akamfungulia mlango wa gari, upande wa dereva.

Hapo palikuwa na tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Kwa miaka mingi Breki alikuwa hakai kiti kile saa za kazi. Mdomo wake na miguu yake vilikuwa na desturi ya mwalimu. Mara tu gari lilipoondoka, akaanza kufoka. Akajiuliza kwa sauti anatazama wapi, vioo amewekewa mapambo? Akajiambia aache kubana usukani, si kuku wa kuchinjwa. Mkaguzi, kwa mazoea ya zamani, akajikuta anasema "Samahani, Mwalimu," na kukaa wima. Kwenye taa za barabarani, taa ilipogeuka kijani, Breki akasema kwa upole, "Haya twende, mafuta kidogo kidogo," akangoja. Gari halikutoka. Akarudia. Honi zikalia nyuma yao. Ilichukua muda kukumbuka kwamba mguu unaosubiriwa ni wake. Na kwenye alama ya kusimama, pale kwa muuza mbao, alipunguza tu mwendo, kama alivyozoea, akapita.

Walipoegesha, mkaguzi aliutazama ubao wake muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "mimi nakujua. Isingekuwa wewe nisingekuwa hapa. Nikupitishe tu, mambo yaishe."

Mbele ya Breki kulikuwa na lile shati la zamani, limefuliwa na kupigwa pasi, linamngoja avae tena. Alikiri baadaye kwamba alilitazama. Alichoka, alikuwa na njaa ya kitu chochote kisicho karoti, na kalamu ilikuwa karibu.

"Nifelishe, mwanangu," akasema.

Mkaguzi akasema hawezi, ataonekanaje kwa watu amemfelisha mwalimu wake mwenyewe? "Utaonekana umefundishwa vizuri," Breki akamwambia. Akaanza kumtajia makosa: alama ya kusimama hakusimama, kwenye taa aliwazuia watu, mkono mmoja ulikuwa dirishani muda wote. Mkaguzi akamtetea, akasema mkono ule ulikaa dirishani kidogo tu. Wakabishana hivyo, mtahiniwa akiomba afelishwe na mkaguzi akimtafutia udhuru, mpaka waliosubiri nje wakaja kuchungulia. Mwisho mkaguzi akaandika, macho yamemjaa machozi, na Breki akampa taulo lake.

Aliyebaki kumfundisha alikuwa Bimkubwa mwenyewe. Alikaa kiti cha abiria na pochi yake mapajani, akaweka mguu juu ya breki ya mwalimu, na hakuuondoa. Breki akivuta pumzi, gari limesimama. Akitazama kuku, gari limesimama. Alipojaribu kufoka, Bimkubwa alimwambia kwa utulivu kwamba kwenye gari hili anayefoka ni mmoja, na si yeye. Ilimuuma. Alianza kukumbuka nyuso za watu aliowafokea, hasa wale waliokuwa wakitetemeka kabla hata ya kuwasha injini, naye akawaita majina. Alipokutana na Konokono sokoni alimwomba radhi kwa lile jina. Konokono akasema kwao kila mtu ameshalizoea, hata mumewe.

Mtihani uliofuata ulisimamiwa na mkaguzi mgeni, mtu wa mafua, asiyejua Breki ni nani wala asiyetaka kujua. Breki aliendesha kimya, akasimama kwenye kila alama inayosema simama, akalizunguka pipa bila kuligusa. Mkaguzi akapenga kamasi, akasema amefaulu, akaita mwingine. Breki alibaki kwenye kiti mpaka akaombwa kushuka. Alikwenda nyuma ya jengo, akatandika taulo, akasujudu.

Pacha naye alikuja kwenda kwa shekhe, kivyake, bila kumwambia mtu. Walichozungumza hakijulikani, ila siku ya pili yake alimletea Breki shati jipya alilolishona mwenyewe, akamwomba amsamehe kwa miaka yote ya kumtisha. Lilimbana tumboni, kwa sababu pacha alijipimia mwilini mwake, na siku hizi hawakufanana tena eneo hilo.

Bimkubwa alirudisha ufunguo. Wapo wanafunzi wanaolalamika kwamba Breki amepoa mno, hafoki, mtu hujui kama umekosea au la. Yeye huwaacha injini iwazimikie, wawashe tena, izimike tena.

Muda si mrefu shekhe alimwomba ampeleke kwenye ndoa moja nje ya mji, ambako yeye ndiye aliyekuwa akingojwa aifungishe. Njiani askari wa barabarani akawasimamisha, akaomba leseni. Breki akashuka mbiombio, akaitoa kwa mikono miwili, uso umemchanua, akamwomba askari aitazame vizuri, na picha pia, na tarehe. Akamuuliza kama angependa kuitazama na upande wa pili. Askari huyo katika kazi yake yote hakuwahi kumwona dereva aliyefurahi kuombwa leseni, akaingiwa na shaka. Akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha, akaiinua juani, akapiga simu ofisini kuuliza, akaambiwa asubiri.

Shekhe alitoa kichwa dirishani, akatazama saa, akamwita Breki. Akamwambia shukrani zina mahali pake, arudi ndani ya gari, watu wanangoja bwana harusi wao aozwe. Breki akasema ndiyo shekhe, lakini hakusogea. Alisimama pale juani kando ya askari, mikono nyuma, akingoja jibu la ofisi kwa raha zake zote.